Sanaa ya Kukata Karatasi katika Ushanga wa Uganda: Kuusoma Mkato kwa Kiswahili, Arua na Koboko

Ikisiri

Ushanga wa karatasi ni miongoni mwa kazi za mikono zinazoitambulisha Uganda sokoni. Hata hivyo, aghalabu husifiwa kwa mambo mawili tu: kwamba umetokana na karatasi iliyotupwa, na kwamba humsaidia mama mwenye dhiki. Makala haya yanajenga hoja kwamba sifa hizo, ingawa ni za kweli, zinaificha sanaa yenyewe, ambayo kiini chake ni mkato. Kwa kuchambua hatua za kazi na kutumia hesabu nyepesi ya maumbo, makala yanaonyesha kuwa sura, unene na rangi ya ushanga huamuliwa na mkasi kabla gundi haijafunguliwa. Aidha, yanapendekeza istilahi za Kiswahili zitakazowawezesha mafundi, walimu na wanunuzi wa Arua na Koboko kuizungumzia kazi hii kwa kina. Hoja kuu ni kwamba kazi isiyo na msamiati wa kuielezea huishia kupimwa kwa huruma badala ya ustadi.

Maneno ya msingi: ukataji wa karatasi, ushanga, mkato, istilahi, Arua, Koboko

1.0 Utangulizi

Sanaa ya kukata karatasi ina historia ndefu duniani. Nchini China, ambako ndiko karatasi ilikovumbuliwa, sanaa hii imedumu kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mwaka 2009 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wameksiko hukata mapambo ya karatasi nyepesi kwa patasi, tabaka nyingi kwa pigo moja, wakayatundika barabarani wakati wa sherehe. Wakulima wa Poland walikuwa wakipamba kuta za nyumba zao kwa majogoo na maua yaliyokatwa kwa mikasi mikubwa ya kunyolea kondoo. Katika mifano yote hiyo, mkato huonekana. Mtazamaji husimama mbele ya kazi, akaona palipoondolewa na palipobakizwa, akastaajabia mkono uliofanya hivyo.

Uganda nayo ina sanaa yake ya kukata karatasi, lakini haitambuliwi kwa jina hilo. Katika ushanga wa karatasi, mkato hufanywa kwanza, kisha huviringwa na kufunikwa na mizunguko ya karatasi ileile, halafu hupakwa vanishi. Anayeuvaa huona kitu cha mviringo chenye rangi za kupendeza. Haoni pembetatu ndefu iliyolala ndani yake. Kwa sababu mkato umefichika, sifa zote humwendea aliyeviringa au aliyekusanya taka, na mkataji husahaulika.

Makala haya yanalenga mambo matatu. Kwanza, kueleza kwa ufupi usuli wa kazi hii nchini Uganda. Pili, kuonyesha namna mkato unavyoamua kila sifa ya ushanga. Tatu, kujadili kwa nini suala hili linawahusu wapenzi wa Kiswahili katika Arua na Koboko, eneo la Nile Magharibi ambako lugha nyingi hukutana sokoni, shuleni na katika makazi ya wakimbizi.

2.0 Usuli wa ushanga wa karatasi nchini Uganda

Ushanga wa karatasi ulipata umaarufu Uganda mwanzoni mwa karne hii. Wengi wa wanawake walioutangaza walikuwa Waacholi waliokimbia vita vya kaskazini na kuishi katika mtaa wa Acholi Quarter, pembezoni mwa Kampala, ambako kazi iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa kuponda mawe machimboni kwa ujira mdogo. Mwaka 2004 shirika la BeadforLife lilianzishwa kwa lengo la kuwatafutia watengenezaji wa shanga soko nje ya nchi. Tangu hapo, mikufu na bangili za karatasi zimekuwa bidhaa ya kawaida katika maduka ya sanaa ya Uganda, na ujuzi wenyewe umeenea kupitia vikundi vya akina mama, shule na miradi ya mafunzo ya kazi.

Historia hiyo imeacha alama mbili. Alama ya kwanza ni njema: kazi ilijulikana na watu wakala jasho lao. Alama ya pili ni ya kutafakari. Ushanga uliingia sokoni ukiwa umefungamana na simulizi ya mateso. Mnunuzi wa mbali alipouziwa mkufu, aliuziwa pia hadithi ya vita na umaskini, na mara nyingi hadithi ndiyo iliyouza. Simulizi hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikumfundisha mnunuzi kutofautisha ushanga uliokatwa vizuri na uliokatwa ovyo.

3.0 Mkato na umbo la ushanga

3.1 Kupima na kukata

Vifaa vya kazi ni vichache: karatasi ya rangi kutoka kwenye jarida, bango au kalenda ya mwaka uliopita, rula, penseli, mkasi au kisu chenye makali, gundi, njiti nyembamba ya kuviringia na vanishi. Fundi hachukui karatasi yoyote tu. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo wa nyuzi; ukiikunja taratibu kwa upande mmoja hukubali, kwa upande mwingine hukaidi. Fundi mzoefu huijaribu kwanza kwa vidole, na inapowezekana huupanga mkato ili karatasi iviringike kwa upande inaokubali.

Hatua inayofuata ni kuchora mistari. Umbo la msingi ni pembetatu pacha, yaani pembetatu yenye pande mbili zinazolingana, ambayo ni ndefu na nyembamba mno. Tutaiita utepe. Upande wake mfupi tutauita kitako, na upande wa pili uliochongoka tutauita ncha. Utepe huviringwa kuanzia kitakoni kuelekea nchani. Kwa kuwa kila mzunguko ni mwembamba kuliko uliotangulia, karatasi hujilimbikiza katikati na kupungua pembeni. Matokeo yake ni ushanga wenye tumbo nene na ncha mbili nyembamba, mfano wa mbegu ya tende.

Mpangilio wa mistari una busara yake. Tuchukue ukurasa wa kawaida wa A4, wenye milimita 210 kwa 297. Kwenye ukingo mfupi wa chini fundi huweka alama kila baada ya milimita 20, akianzia pembeni kabisa. Kwenye ukingo wa juu huweka alama kwa umbali uleule, ila ya kwanza huiweka milimita 10 kutoka pembeni. Kisha huunganisha alama za juu na za chini kwa mistari inayopanda na kushuka. Tepe 10 zitakuwa na kitako chini, na tepe 10 nyingine zitakuwa na kitako juu, kila moja ikijipenyeza kati ya jirani zake. Mstari mmoja huhudumia tepe mbili. Kinachobaki ni nusu-pembetatu mbili za pembeni, moja kila upande, na hizo nazo zina matumizi, kama tutakavyoona. Ukurasa mzima hutumika bila kuacha chembe ya kutupa.

3.2 Kubadili mkato ni kubadili ushanga

Ushanga hauna kalibu. Umbo lake lote limo katika utepe, na fundi anayetaka umbo jingine hana budi kurudi kwenye mkasi. Akikata mstatili, kila mzunguko utakuwa na upana sawa, na atapata mrija ulionyooka. Akikata pembetatu pacha kisha akaipunguza ncha ili iishie na upana wa milimita chache, atapata ushanga wenye tumbo bapa kama pipa. Akikata pembetatu mraba, kama zile nusu-pembetatu za pembeni mwa ukurasa, na kuuviringa huku upande ulionyooka ukiwa umelingana daima, unene utakusanyika upande mmoja na ushanga utakuwa na umbo la pia. Kwa hiyo, kile ambacho mtu asiyejua angekiita mabaki ndicho kinachotoa shanga za kuanzia na kumalizia mkufu.

Unene nao huamuliwa na mkato. Hapa hesabu inafaa kuliko maelezo. Utepe ukitazamwa kwa ubavu ni kitu chembamba chenye urefu na unene wa karatasi tu. Ukiviringwa, eneo hilo la ubavu halipotei, bali hugeuka kuwa duara lenye tundu katikati. Tuchukulie karatasi yenye unene wa milimita 0.1, utepe wenye urefu wa milimita 300, na njiti yenye kipenyo cha milimita 1.5. Zidisha urefu kwa unene, upate milimita za mraba 30. Duara lenye eneo hilo, pamoja na tundu la njiti, lina kipenyo cha takriban milimita 6.4. Huo ndio unene wa tumbo la ushanga.

Je, tukiuongeza utepe hadi milimita 600, ushanga utakuwa mnene maradufu? La. Kipenyo kitafika takriban milimita 8.9 tu. Urefu umezidishwa mara mbili, lakini unene umeongezeka kwa chini ya nusu. Anayetaka ushanga mnene maradufu anahitaji utepe wenye urefu wa zaidi ya mara nne. Fundi ambaye hajawahi kuandika mlinganyo wowote hujifunza jambo hili kwa mikono, na ndiyo sababu anajua mapema ni kurasa ngapi zitahitajika kwa mkufu wenye shanga kubwa katikati na ndogo mabegani. Ujuzi huo ni hesabu ya maumbo iliyokaa kwenye vidole.

3.3 Kipi kitaonekana na kipi kitazikwa

Sehemu ngumu zaidi ya ukataji ni uteuzi wa rangi. Utepe wa mfano wetu wa milimita 300 huzunguka njiti takriban mara 24. Kwa kuwa kitako kina milimita 20, kila upande hurudi ndani kwa milimita 10 katika mizunguko hiyo, yaani kwa takriban milimita 0.4 kila mzunguko. Uzi huo mwembamba wa milimita 0.4 ndio pekee unaobaki wazi. Karatasi nyingine yote hufunikwa na mzunguko unaofuata. Ukiutazama ushanga kwa makini utaziona nyuzi hizo zikipanda kama ngazi kutoka kwenye ncha mbili hadi tumboni.

Hivyo basi, picha iliyo katikati ya utepe huzikwa. Uso wa mtu, jina la bidhaa na herufi za tangazo hupotea. Kinachosalia ni kingo mbili za utepe tangu kitakoni, na ncha yake inayolala juu ya tumbo. Rangi iliyo karibu na kitako itaonekana kwenye ncha za ushanga; rangi iliyo nchani itakuwa mshipi wa katikati. Kabla ya kukata, fundi huutazama ukurasa akijiuliza mistari yake ipite wapi. Akipitisha mstari kwenye mpaka wa buluu na nyeupe, atapata ngazi za buluu na nyeupe. Akiisogeza rula kidogo, buluu yote itazikwa. Mkataji wa Kichina huondoa karatasi ili picha itokee, ilhali mkataji wa ushanga huamua ni karatasi ipi itakayofichwa. Kazi zote mbili zinahitaji jicho linaloona kisichokuwapo bado.

3.4 Kasoro za mkato

Kwa kuwa vipimo ni vidogo, makosa nayo hayasameheki. Ncha ikihama milimita 2 kutoka kwenye mstari wa katikati, tumbo la ushanga litaegemea upande mmoja, na shanga 20 za aina hiyo zikitungwa pamoja mkufu utaonekana umepinda. Ukingo uliotetereka kwa sababu ya mkasi butu hutoa ngazi zilizokatikakatika. Vitako visivyolingana hutoa shanga zenye urefu tofauti ambazo haziwezi kupangwa kwa jozi. Gundi haiwezi kurekebisha lolote kati ya hayo, na vanishi, kwa kuwa hung'arisha, huzidi kuyaweka wazi.

Kutokana na maelezo hayo, mtu anayetaka kuusoma ushanga anaweza kuanza na mambo manne: je, tumbo limekaa katikati? Je, ngazi zinapanda kwa umbali sawa pande zote mbili? Je, rangi ya tumbo imeteuliwa au imetokea tu? Na je, ushanga wa kushoto wa mkufu unafanana na mwenzake wa kulia? Majibu ya maswali hayo hayahitaji kifaa chochote isipokuwa macho.

4.0 Taka, huruma na thamani

Ukurasa mmoja wa A4 hutoa shanga 20 zenye urefu wa milimita 20. Zikitungwa, hufikia sentimita 40, karibu kutosha mkufu mmoja. Kwa maneno mengine, malighafi ya mkufu ni ukurasa mmoja uliokwisha kutumika, ambao thamani yake sokoni ni karibu na sifuri. Ikiwa mkufu una thamani, basi thamani hiyo imetoka kwingine: kwenye upimaji, ukataji, uviringaji na umaliziaji. Anayeusifu ushanga kwa kuwa ni taka iliyotumika tena anasifu sehemu isiyogharimu kitu, na kuisahau ile iliyogharimu siku nzima ya fundi.

Huruma nayo ina mipaka. Mnunuzi wa huruma hununua mara moja, na akiisha kutoa alichokusudia huona ametimiza wajibu. Hana sababu ya kurudi, wala hana kipimo cha kumlipa zaidi fundi aliye hodari. Matokeo yake ni kwamba aliyekata kwa uangalifu na aliyekata kwa haraka hulipwa sawa, na katika hali hiyo uangalifu huwa hasara. Kazi yoyote inayomwadhibu fundi wake bora haiwezi kudumu. Kinyume chake, mnunuzi anayeujua mkato hulinganisha, huchagua, hulipa kwa daraja, na hurudi kwa fundi yuleyule.

Huenda ikadaiwa kwamba ushanga wa karatasi ni kazi changa iliyotokana na miradi ya misaada, hivyo haistahili kuwekwa pamoja na sanaa za jadi. Uganda inazo sanaa kongwe zinazotambuliwa na UNESCO: utengenezaji wa nguo za magome ya mtuba wa Buganda, na muziki na ngoma ya zeze-bakuli la Wamadi, jirani zetu wa Nile Magharibi, ulioingizwa mwaka 2016 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ni kweli kwamba ushanga wa karatasi hauna umri huo. Lakini umri si kipimo pekee. Kanga yenyewe ilizaliwa katika biashara ya vitambaa vya viwandani vilivyotoka ng'ambo katika karne ya 19, na leo hakuna anayeuliza kama ni utamaduni wa Waswahili. Chombo kigeni huwa cha wenyeji pale wenyeji wanapokuwa na lugha ya kukisema, kukisifu na kukikosoa. Hapo ndipo suala la Kiswahili linapoingia.

5.0 Kiswahili na istilahi za mkato katika Arua na Koboko

Arua na Koboko ziko kwenye pembe ambapo Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini hukutana. Kupitia Vurra na soko la Ariwara watu huvuka kwenda na kurudi Kongo. Kupitia Oraba, kaskazini mwa Koboko, huvuka kwenda Kaya, Sudan Kusini. Katika eneo hilo husikika Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili. Makazi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule yamewakusanya watu kutoka nchi hizo jirani, na kazi za mikono ni sehemu ya maisha yao; milaya, yaani mashuka yaliyotariziwa na wanawake wa Sudan Kusini, ni mfano unaofahamika. Nchi zote tatu sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022.

Katika mazingira hayo, Kiswahili si mgeni asiye na ndugu. Neno waraka, ambalo kwetu lina maana ya barua au tangazo la kiofisi, limetokana na Kiarabu, na ndugu yake waraga hutumika katika Kinubi na Kiacholi kwa maana ya karatasi au barua. Mwanafunzi anayesikia waraka kwa mara ya kwanza darasani Arua anaweza kuwa amelikuta neno hilo sokoni likiwa limevaa vazi jingine. Vilevile, macho ya watu wa eneo hili, kama ya Waafrika Mashariki wote, yamezoea karatasi inayobadilika umbo: karanga hufungwa kwenye karatasi iliyosokotwa kama pia, na fundi cherehani hukata kiolezo cha gauni kwenye gazeti kuukuu kabla hajagusa kitambaa.

Kwa misingi hiyo, makala haya yanapendekeza istilahi zitokane na maneno yaliyokwisha kuwapo badala ya kukopwa upya. Kwa sehemu za karatasi iliyokatwa: utepe, kitako, ncha na ukingo. Kwa sehemu za ushanga: tumbo, tundu na ngazi. Kwa aina za ushanga kulingana na mkato: mbegu kwa pembetatu pacha, mrija kwa mstatili, pipa kwa pembetatu iliyopunguzwa ncha, na pia kwa pembetatu mraba. Maneno haya yana faida mbili. Yanaeleweka kwa mtu asiyesoma hesabu, na papo hapo yanamwongoza mwanafunzi kwenye dhana za hesabu anazozikuta darasani. Fundi anaweza kumwagiza mwenzake, "nikatie mbegu za kitako cha milimita 20," na agizo likaeleweka Koboko, Ariwara na Kampala.

Wakati wa kufanya hivyo umewadia. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha inayoingia shuleni kwa sarufi na ufahamu peke yake hubaki kuwa somo la mtihani. Lugha inayoingia pamoja na mkasi na rula hupata kazi ya kufanya.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba ushanga wa karatasi ni sanaa ya kukata kabla ya kuwa sanaa ya kuviringa. Umbo, unene, rangi na ulinganifu wake huamuliwa na mstari uliochorwa kwenye ukurasa, ijapokuwa mstari huo hauonekani tena kazi inapokamilika. Kuithamini sanaa hii ni kujifunza kuuona mkato uliofichika.

Kutokana na mjadala huu, inapendekezwa kwamba: kwanza, walimu wa Kiswahili na wa sanaa katika shule za Arua na Koboko washirikiane kuandaa somo la ushanga, ambamo mwanafunzi atapima, atakata na kueleza kazi yake kwa Kiswahili. Pili, vikundi vya mafundi viweke madaraja ya shanga kwa kuzingatia mkato, na bei ifuate daraja. Tatu, wauzaji wanapoandika maelezo ya bidhaa waeleze aina ya mkato na ustadi wake pamoja na, au badala ya, maisha ya mtengenezaji. Nne, vyama vya Kiswahili vya kanda vikusanye istilahi za kazi za mikono moja kwa moja kutoka kwa mafundi, kwa kuwa wao ndio wenye maneno.

Mama anayekata karatasi Nile Magharibi hahitaji kuhurumiwa ili kazi yake ipendeze. Anahitaji mtazamaji anayejua alichokitazama, na lugha itakayomwezesha kusema: huu mkato ni wangu.